Lugha ya Tano ya Habibu

Madereva wengi wa malori wanaovuka mpaka wa Tunduma walimjua Habibu kwa mdomo wake. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, aliyefika mpakani akiwa utingo na baada ya miaka akashika usukani. Alizungumza Kirangi cha mama yake, Kiswahili cha kila mtu, Kibemba alichokiokota sokoni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Kiingereza cha kubabaisha kilichomtosha mbele ya watu wa forodha. Hakuna foleni aliyokaa bila kupiga soga.

Mkewe Mwanaisha alijifungulia Vwawa mtoto wao wa kwanza, wa kike. Habibu wakati huo alikuwa amekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, na shehena ya saruji. Akapiga simu.

"Mwite Bushra," alisema. "Na uanze kumsemesha leo leo. Mtoto wa Habibu atasema kabla hajaota meno."

Mwanaisha alilikubali jina, la kumsemesha akaliruka. Asubuhi ile muuguzi aitwaye Tumpale alikuwa amepita wodini na chombo kidogo mfano wa simu, chenye waya na kipira laini cha kuweka sikioni mwa mtoto.

"Hakiumizi, mama," Tumpale alikuwa amemwambia. "Kinapeleka sauti ndogo ndani, halafu kinasubiri. Sikio zima hujibu. Hutoa sauti yake lenyewe, hafifu mno, mimi na wewe hatuwezi kuisikia."

"Sikio linatoa sauti?"

"Linatoa. Hata la mtoto aliyelala."

Mtoto wa kitanda cha jirani alipimwa, masikio yake yakajibu yote mawili. Ya Bushra yalinyamaza. Tumpale alisema huenda ni majimaji ya uzazi, baada ya wiki chache wangerudia. Waliporudia, yalinyamaza vilevile. Ndipo Mwanaisha akapelekwa hospitali ya rufaa Mbeya. Huko Bushra alibandikwa nyaya kichwani akiwa usingizini, ili ionekane kama sauti inaufikia ubongo. Haikuufikia. Daktari alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba mtoto ni kiziwi, na uziwi wake ni mzito kiasi kwamba vifaa vya masikioni vitamsaidia kidogo sana.

"Lakini akili yake inasubiri lugha sasa hivi, kama ya mtoto yeyote," alisema. "Mpeni lugha ya alama. Msingoje akue."

Habibu alipopewa habari hizo kwa simu, alisema mashine za siku hizi zinasingizia watu. Alipofika Tunduma hakushuka hata kunawa. Alilisogeza lori mpaka mbele ya nyumba, Mwanaisha akiwa amesimama mlangoni na mtoto anayenyonya huku amesinzia, akakandamiza honi. Kuku walitawanyika. Mtoto wa jirani aliangua kilio ndani. Bushra aliendelea kunyonya, macho ameyafumba, uso umetulia kama maji ya mtungini.

Habibu akapiga tena, kisha akauondoa mkono taratibu. Aliposhuka, yeye msemaji wa foleni zote hakuwa na la kusema, na siku zilizofuata alimbeba mwanawe kimya kimya. Aliona haya kumsemesha, na kunyamaza aliona ni kumtupa. Safari ilipotokea aliikimbilia.

Kukawa na nyingine, na nyingine. Akirudi alikaa kidogo, akaondoka.

Adhuhuri moja aliingia uani kwake bila kutarajiwa, akakuta mwanamke asiyemjua ameketi mkekani na Mwanaisha. Mikono ya wote wawili ilikuwa ikienda kasi, na walikuwa wakicheka hadi machozi. Habibu alisimama pale pale na begi lake. Alikuwa amewaona viziwi wakiashiriana, tangu zamani, na daima alidhani wanaonyeshana vitu. Lakini kile kilikuwa kisa. Kilikuwa na mtu na mwenzake, kilikuwa na mzaha, na mkewe alikuwa ndani yake.

"Huyu ni Ketrina," Mwanaisha alisema. "Fundi cherehani wa Iyula. Ni kiziwi. Hospitali ilimwomba atembelee wenye watoto kama wetu, naye hunifundisha kila siku ukiwa safarini. Karibu, Baba Bushra, keti."

Bushra, aliyekuwa ameanza kukaa mwenyewe, alikuwa kati yao. Alikunja vidole na kuvikunjua, akagonganisha ngumi, akakunjua tena, akijiangalia mikono kwa makini.

"Anacheza nini?" Habibu aliuliza.

Mwanaisha akauliza kwa mikono, Ketrina akajibu, naye akatafsiri. "Anasema hachezi, anabwabwaja. Wenzake wanasema ba-ba-ba kwa mdomo. Huyu anaona maneno, kwa hiyo anayajaribu kwa vidole."

Habibu aliteremka mkekani akamsogelea mwanawe. Kumbe muda wote ule alipokuwa akiukimbia ukimya wa nyumba hii, mtoto alikuwa akipiga kelele.

"Muulize yeye alifundishwa na nani akiwa mdogo," alisema.

Ketrina alijibu kwa mikono. Mwanaisha alitafsiri polepole, sauti ikimpungua. "Anasema hakufundishwa. Nyumbani walimpenda, walimlisha, lakini hakuna aliyejua kusema naye. Alipelekwa shule ya viziwi akiwa binti mkubwa. Mwalimu alimgusa kifuani, akamwonyesha alama moja, akairudia. Alichelewa kuelewa. Kisha akaelewa kwamba ile ni yeye. Anasema kabla ya siku hiyo hakujua kama watu wana majina."

Habibu alimtazama yule mwanamke, mshono wake safi, macho yake yenye kicheko, akajaribu kuwazia miaka yote hiyo ndani ya kichwa kisicho na jina hata la mama. Hakuweza.

"Mwambie," alisema. "Mwambie anifundishe."

Ketrina hakungoja tafsiri; alikuwa amemsoma usoni. Alimtazama kichwani mpaka miguuni, akainua ngumi mbili na kuzizungusha, kama mtu anayekata kona na usukani mkubwa. Akamwelekezea kidole. Hilo ndilo likawa jina lake.

Habibu aliacha safari za Kongo. Alipata gari dogo la mizigo ya mkoani, na jioni nyingi alijifunza lugha ya tano kwa vidole vigumu vya dereva. Bushra alimcheka akikosea. Kufikia mwaka wake wa tatu alikuwa akiuliza maswali yasiyokwisha, kuhusu kobe, kuhusu kifo cha kuku, kuhusu kwa nini Wazambia wana pesa za rangi nyingine.

Asubuhi moja Habibu alipeleka mbolea Mbebe, akawachukua mkewe na mtoto watembee. Njia ilipanda milima ya Ileje, na kabla hawajafika ukungu ukawafunika. Mashamba yakapotea. Habibu akasimamisha gari pembeni wangoje upungue. Bushra hakuwahi kuona kitu kama kile. Alikanyaga kiti, akaweka paji la uso kwenye kioo. Kisha akageuka, akamgusa baba yake begani, akafanya alama ya moshi. Akafikiri kidogo. Akaegemeza shavu kwenye viganja viwili, alama ya kulala.

Moshi umelala.

"Umemfundisha wewe hiyo?" Habibu alimuuliza mkewe.

"Hapana," Mwanaisha alisema. "Mimi hata alama ya ukungu siijui."

Habibu akazima injini. Nje hapakuwa na kitu isipokuwa weupe, na mtoto alikuwa bado anamtazama, akingoja jibu.