Bunduki Moja, Mitutu Mitatu

Simiyu alikuwa fundi wa bunduki, na kasoro yake kubwa ilikuwa kusema kweli. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefungua na kufunga silaha katika ghala la kambi ya jeshi karibu na Nakuru, kabla bahati nasibu ya viza haijamtupa Manassas, Virginia, katika duka la bunduki la mzee mmoja aitwaye Harlan, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Harlan aliipenda mikono yake. Kilichomtesa ni mdomo. Mteja akiinua bunduki na kuuliza kama ni nzuri, Simiyu aliitazama, akamtazama na mteja mwenyewe, kisha akasema, "Kitako ni kirefu kwako. Na aliyeipaka rangi alikuwa anaficha kutu." Mteja alishukuru, akaenda zake, na Harlan alibaki amejishika kiuno.

Mwaka wa 1998, majani yalipoanza kugeuka rangi, dukani iliingia bunduki ya namna ambayo Simiyu hakuwahi kuishika. Ilikuja kwenye sanduku kama la tarumbeta. Mwili ulikuwa mmoja, kitako kimoja, triga moja, ila mitutu ilikuwa mitatu: mnene, wa kati na mwembamba. Ulilegeza skrubu mbili kwa ufunguo mdogo, ukachomoa mtutu, ukachomeka mwingine, na hapo hapo ulikuwa na bunduki ya kaliba nyingine, ya kulishwa risasi za ukubwa mwingine.

"Simiyu," mzee Harlan alisema, "hii nakuomba usiiseme vibaya."

"Sitaisema vibaya, mzee. Nitaisema ilivyo."

Harlan akafumba macho. Aliijua tofauti, na haikuwa kubwa. Katika wiki tatu Simiyu aliwarudisha nyumbani wateja wanne mikono mitupu, na kila mmoja alimpa mkono kwa shukrani.

Wa tano alikuwa rafiki yake, Dunstan. Huyu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mkazi wa Sterling, dereva wa basi linalozungusha abiria kati ya maegesho na jengo la uwanja wa ndege wa Dulles. Walikutana kila Jumapili kwenye ibada ya Kiswahili huko Springfield. Dunstan aliabudu Mungu mmoja, lakini katika vitu vingine vyote alipenda viwe vingi ndani ya kimoja. Kisu chake kilikuwa na mkasi na kijiti cha meno. Kochi lake liligeuka kitanda. Kalamu yake iliandika rangi nne, ingawa mbili zilishakauka. Sasa alikuwa amemaliza kozi ya usalama wa uwindaji, cheti kikiwa bado na joto mfukoni.

"Kaka, hii ndiyo yenyewe!" alisema alipoliona sanduku. "Mtutu mdogo wa kujifunzia, wa kati wa kulungu, na huu mnene wa dubu."

"Dubu wa nini, Dunstan? Umewahi kumwona dubu Sterling?"

"Hata akija."

Simiyu akaweka viganja vyake juu ya kioo cha meza. "Sikiliza, ndugu yangu. Uzuri wake upo, siukatai. Kitako ni kile kile, shavu lako litakizoea. Triga ni ile ile, kidole hakishangai. Sanduku moja linaingia chini ya kitanda na mambo yamekwisha. Lakini kila mtutu una macho yake. Ukibadilisha, usidhani risasi itakwenda pale pale. Utarudi uwanja wa shabaha, utalenga upya, utarekebisha darubini ya kulengea upya. Tena vipande ni vingi. Ukisahau kimoja nyumbani, umebeba kuni. Na mwili huu ukiharibika, mitutu yote mitatu inalala njaa siku moja."

"Unauza au unafukuza?"

"Naeleza."

"Basi umeeleza vizuri. Nifungie."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Simiyu alikuwa ameuza kitu kwa kukikosoa. Mzee Harlan alitoka ofisini akampigia saluti.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Dunstan alikuja na mkewe, Wamaitha, mwanamke mfupi kutoka Nyeri, nesi katika nyumba ya wazee. Alikuwa ametoka zamu, akasema amekuja kunywa chai yake kwenye hewa safi tu, hayo mambo ya wanaume hayamhusu. Akaketi kwenye benchi na chupa ya chai.

Dunstan alianza na mtutu mwembamba, akapiga vizuri. Akabadilisha, akaweka wa kati, akapiga risasi kadhaa, zote zikatua kando ya shabaha kwa upana wa kiganja. Simiyu alijisikia kama mtu ambaye mvua aliyoitabiri imenyesha. Walirekebisha darubini, wakapiga tena, ikakaa sawa. Kisha Dunstan akaweka mtutu mnene, akatia mkono kwenye boksi la risasi bila kutazama, akachukua moja, akaanza kuisogeza kwenye bunduki.

"Simama!" Simiyu aliruka. "Weka chini. Weka chini, nasema!"

Dunstan akaganda. Simiyu akaichukua ile risasi, akaisimamisha mezani pamoja na ya mtutu mnene. Maganda yalikuwa karibu sawa kabisa, kama mapacha. Tofauti ilikuwa nchani.

"Hii ni ya mtutu wa kati. Ndani ya huo mnene ingeingia bila kukataa, na ungefyatua. Sasa ganda likipasuka pale karibu na jicho lako, utamwambia nini Wamaitha?"

Dunstan alilamba midomo. "Mbona zimefanana hivi?"

"Ndiyo shida ya bunduki moja yenye matumbo matatu. Haijui umeilisha nini."

Simiyu alikuwa tayari kuongeza hotuba, na hotuba yenyewe ilikuwa ndefu. Lakini Wamaitha alishaweka kikombe chini. Alikuja mezani akitafuta kitu mkobani, akatoa vikunjo vitatu vya utepe wa hospitali: mwekundu, mweupe na wa buluu.

"Shemeji, hebu niambie. Risasi hii ni ya wapi?"

"Mtutu mnene."

Akakata utepe mwekundu, akauzungushia mtutu mnene karibu na mwili wa bunduki, kisha akabandika mwingine kwenye boksi la risasi zake. Mweupe akaupa wa kati, wa buluu akaupa mwembamba. "Kazini nina wagonjwa ishirini," alisema, "na watatu kati yao wanaitwa Mary. Unafikiri dawa nazigawa kwa kunusa? Rangi na rangi. Rangi zisipolingana, mkono haugusi." Akatoa na daftari dogo, akaandika kila mtutu ulikopigia, na darubini ilizungushwa alama ngapi, kwa mwandiko ule ule wa kuandikia joto la mgonjwa.

Simiyu aliliangalia daftari. Katika miaka yote ya ghala la jeshi alikuwa ameona masajini waliohitaji daftari kama hilo kuliko kiatu.

"Na wewe utapiga, shemeji?" aliuliza, nusu kwa mzaha.

"Si nimekuja kunywa chai?" Lakini alishaketi.

Kitako kilikuwa kirefu kwake, Simiyu akakifupisha kwa kutoa kibao kimoja cha nyuma. Alianza na buluu. Hakufumba macho, hakuruka. Alipofika kwenye nyeupe, bunduki ilimsukuma bega, akasema tu, "Aa, kumbe," kama mtu aliyesalimiwa kwa nguvu. Matundu yake matatu yangefunikwa na kifuniko cha soda. Dunstan alikwenda kuyaangalia kwa karibu, akarudi, akayaendea tena.

Wakaja uwanjani kila Jumamosi hadi msimu wa kulungu ulipofunguliwa katikati ya Novemba. Wamaitha alifanya kozi yake na kupata cheti. Mtutu wa buluu ulimfundisha kwa upole, mweupe ukampa kazi ya kweli, na kwa kuwa kitako na triga ni vile vile, bega na kidole chake havikuanza upya. Hilo Simiyu alilikubali mbele ya watu, tena kwenye chai baada ya ibada, na wenzake wakamwuliza kama anaumwa.

Siku ya kuwinda walikwenda watatu, magharibi karibu na milima, kwenye shamba lenye kilima kikali, la mteja wa Harlan aliyechoshwa na kulungu wanaomaliza tufaha zake. Wote walivaa vizibao vya rangi ya chungwa ili wasidhaniwe kulungu, wakaonekana kama watengeneza barabara. Chini ya mti wakafungua sanduku. Kila kitu kilikuwepo: mitutu mitatu, ufunguo, rangi zote. Dunstan akajikohoza.

"Sasa," alisema, "nani anakaa na bunduki?"

Wakatazamana. Mitutu mitatu, mwili mmoja. Mwezi mzima walikuwa wamehesabu faida na hasara, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba bunduki hiyo, hata uigawe vipi, inashikwa na mtu mmoja tu. Simiyu, aliyejiona bingwa wa hasara, aliona haya.

"Nipe mimi kwanza," Wamaitha alisema. "Wewe ulisema unamngoja dubu."

Kwa hiyo Dunstan alikaa nyuma ya mkewe asubuhi nzima, amebeba mitutu miwili isiyo na kazi, mikono ikiganda. Saa nne kulungu dume akatoka kwenye vichaka, akasimama akinusa tufaha. Wamaitha alingoja mpaka kulungu akamgeuzia ubavu. Mlio ulikuwa mmoja. Dunstan alisahau kwamba amesikitika, alirukaruka huku akisema, "Mke wangu! Huyo ni mke wangu!" kana kwamba pale milimani kulikuwa na mtu anayebisha.

Nyama waliila Springfield Jumapili baada ya ibada, na Wamaitha alisimulia mara nne, kila mara kulungu akizidi kimo. Jumatatu, Dunstan aliingia dukani kabla mzee Harlan hajamaliza kufungua mapazia.

"Kaka, nataka bunduki. Ya kawaida. Mtutu mmoja, tena usiotoka kamwe."

Simiyu alimshushia moja ya zamani kutoka ukutani, akaipangusa. "Hii itakufaa," alisema. Akasita. Mzee Harlan, kule dirishani, naye akaacha kamba ya pazia akasubiri.

"Ila ni nzito," Simiyu akaongeza, "na kilima cha lile shamba unakijua."