Sampuli ya Kelele

Mtaani walimwita Profesa Kelele, ingawa hakuwa profesa, na kelele zenyewe hakuwa nazo. Alikuwa mwalimu wa muziki katika chuo kidogo, mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama aliyeazima ulimi na anatakiwa kuurudisha. Jina alilipata siku jirani wa ghorofa ya chini alipomkuta amepiga magoti kwenye ngazi, maikrofoni kaigandamiza kwenye bomba la maji, macho kayafumba.

"Unalipima homa bomba, mwalimu?" jirani akamuuliza.

"Nalisikiliza."

"Haya, linasemaje?"

Mwalimu akasogeza maikrofoni juu kidogo. Jirani akaenda zake kusimulia, na kufikia jioni jina lilikuwa midomoni mwa mtaa mzima.

Ukweli ni kwamba alikuwa akifanya utafiti. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ametunga nyimbo za kwaya na za mahafali, nyimbo za kuimbwa mara moja na kusahauliwa kabla viti havijakusanywa, mpaka moyo ukachoka. Alipopata nafasi ya kusoma zaidi akachagua muziki huu wa kisasa, unaotengenezwa kwa kompyuta kutokana na sauti yoyote ile: mlango, mvua, jokofu. Swali la utafiti aliliandika kwa wino mwekundu akalibandika ukutani: Je, sauti ya kazi inaweza kuwa muziki? Na kwa kuwa kazi aliyoifahamu tangu akiwa mgongoni ilikuwa moja tu, alianza na cherehani cha mama yake.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alikofanyia kazi ndiko alikolala: kitanda upande mmoja, cherehani cha kukanyaga kimesogezwa dirishani, kopo la vifungo, vipande vya chaki ya bluu, na nguo za watu zikining'inia misumarini kila moja na karatasi yake ya vipimo. Kwa cherehani hicho aliwalea watoto wawili, yeye na dada yake mkubwa, baada ya baba yao kutoka kwenda kutafuta maisha na maisha yakamtafuna hukohuko. Dada alisomea uuguzi akapata kazi ng'ambo. Mwalimu akabaki mji uleule na mama, na piano yake ya umeme.

Mwaka mzima, kila alasiri akitoka chuoni, alikwenda kwa mama kurekodi. Alikuwa akiweka maikrofoni moja karibu na sindano, nyingine sakafuni karibu na kanyagio, anavaa hedifoni, anainua kidole. Mama anaanza. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mama alikuwa na tabia ya kuimba mdomo umefungwa kila akishona. Ulikuwa wimbo usio na maneno, hauna mwanzo, hauna mwisho. Kwenye mshono ulionyooka unapanda, kwenye kona unakatika, kitambaa kikigeuzwa unaendelea. Tena, kwa masikio ya mwalimu wa muziki, ulikuwa chini kidogo ya pale unapotakiwa kuwa.

"Mama, samahani. Nyamaza kidogo, nataka cherehani tupu."

"Haya baba, nimenyamaza."

Ananyamaza kweli. Anabana midomo kama mtoto aliyekatazwa kucheka. Dakika mbili hazipiti, wimbo huo umerudi. Hakuwa mkaidi mama wa watu, hakujua tu kwamba anaimba. Akiambiwa anashangaa, anaomba radhi, anaanza upya, na mwanawe anatazama saa.

Mwishowe mwalimu alipata programu ya kusafisha sauti, akaona matatizo yake yameisha. Programu yenyewe inahitaji kufundishwa. Unaionyesha kipande kidogo cha sauti usiyoitaka, wenyewe wanakiita sampuli ya kelele, kisha inapita kwenye rekodi zote ikiondoa kila kinachofanana nacho. Akachagua sekunde chache za mama, akazitia alama, akabonyeza. Kwa siku mbili kompyuta ilichapa kazi. Rekodi zikatoka safi, cherehani kikitembea peke yake, kila pigo la sindano limesimama wazi. Diski ilikuwa imejaa pomoni, kwa hiyo akazifuta rekodi za mwanzo akabaki na zile zilizosafishwa. Mimi ninayesimulia natamani ningekuwapo nimshike mkono. Hakuwapo mtu, na yeye alikuwa akipiga mluzi.

Kazi yake ilipigwa ukumbini kwa spika nane. Mama alikuja na gauni alilojishonea mwenyewe, akakaa safu ya mbele, mkoba magotini. Cherehani kikaanza upande wa kushoto, kikahamia nyuma, kikawa vyerehani mia, kikawa mvua, kikarudi kuwa kimoja. Watu walipiga makofi. Msimamizi wake wa utafiti alimpa mkono akamwambia hajapata kusikia rekodi safi kiasi kile.

Nje, mama alikuwa akikunja karatasi ya ratiba, anaikunjua, anaikunja tena.

"Ni chenyewe kabisa," alisema. "Hata kanyagio linavyolia kushoto nimelisikia. Lakini baba, anashona nani?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi?" Akafikiri kidogo. "Haya."

Mwalimu alicheka. Jioni hiyo aliwahadithia wenzake chuoni, nao wakacheka.

Miezi mitano baadaye mama aliugua siku nne akafariki. Dada alihangaika na ndege na ruhusa ya kazini, akafika siku mbili baada ya mazishi. Miaka tisa alikuwa hajarudi nyumbani. Aliingia chumbani kwa mama na viatu mguuni, akakaa kitandani, akatazama nguo za watu zilizobaki misumarini. Gauni moja lilikuwa na mkono mmoja tu.

"Picha ninazo," alisema. "Sauti sina. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea basi, hakuna kilichobaki. Nimeanza kumsahau anavyoongea, mdogo wangu. Kwenye ndege nilijaribu kumsikia kichwani, nikasikia sauti yangu mwenyewe." Akamgeukia. "Lakini wewe ulimrekodi mwaka mzima."

"Ipo," mwalimu akasema. "Ipo tele, dada. Nitakutafutia."

Aliamini hivyo, akidhani programu iliondoa wimbo tu na kuacha maneno. Alileta kompyuta yake, akakaa mezani sebuleni, akafungua faili ya kwanza: cherehani. Ya pili: cherehani. Dada alikuwa chumbani kwa mama akipanga vitu vya mama kwenye masanduku, na kila mara kanyagio lilipoanza kulia kupitia ukutani alikuja kusimama mlangoni, kitambaa mkononi, akisubiri. Anasubiri mpaka mwisho, kisha anarudi kwenye masanduku. Siku ya pili dada alimwomba mdogo wake avae hedifoni.

Siku ya tatu mwalimu alikuwa amesikiliza saa thelathini na mbili za cherehani. Alikuwa akiongeza sauti mpaka masikio yanamuuma, akitafuta hata pumzi. Mahali mama alipokuwa palikuwa na kitu kama shimo, uwazi unaopanda kwenye mshono ulionyooka na kukatika kwenye kona. Aliutambua wimbo kwa umbo la pengo lake. Haukuwa chini hata kidogo. Ulikuwa sawasawa na mlio wa gurudumu la cherehani, mama alikuwa akiimba na mashine yake, na yeye aliyekuwa akipima kwa piano hakuligundua hilo. Alilia hapo mezani, hedifoni kichwani.

Ndipo akakumbuka kwamba programu ilihitaji kufundishwa. Aliitafuta ile folda ya mipangilio ambayo hakuna anayeifungua, akakuta faili moja, ndogo, haijaguswa.

Alimwita dada, akamkalisha kwenye kiti chake, akamvisha hedifoni. Sekunde tisa. Wimbo unapanda, unakatika. Sauti ya mwanamume: Mama, samahani, nyamaza kidogo. Halafu: Haya baba, nimenyamaza.

Dada aliziba mdomo kwa kiganja. Alisikiliza mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Kisha akavua hedifoni, akainama karibu na kioo cha kompyuta, akasoma jina la faili polepole kwa sauti.

"Sampuli ya kelele."

Mwalimu alifungua mdomo aeleze jinsi programu inavyofanya kazi, jinsi neno lenyewe lilivyo la kitaalamu tu. Akaona halielezeki.

"Ulimwambia anyamaze mara ngapi?" dada akauliza.

"Kila siku."

Dada hakumfokea. Alivaa tena hedifoni, akabonyeza, akafumba macho. Ndugu yake alisimama nyuma ya kiti, chumba kimya, na kutoka pale aliposimama hakusikia kitu.