Paja ya Kuku ku Finale ya Karata

Nachoka, miye. Nacheka, ndiyo, lakini magoti inauma, na kila mwaka kisha tournoi, mashindano yetu, nabakia kulala tu sawa mufuko ya makala.

Ni tournoi ya cercle yetu, chama ya karata, hapa Kamalondo. Tunachezaka babili-babili, mutu na mwenzake. Kila mutu anakuya na kitu ya kusaidia: huyu tôle, bati ya paa, huyu misumari. Kisha, bale babili banashinda njo banasema bile bintu biende ku nyumba gani. Njo maana tunachezaka na roho moto.

Ile mwaka nilicheza na jirani yangu, mushonaji. Tulitaka tôles ziende Kasungami, kwa rafiki yetu mumoja, mujane. Mupepo ilimubebea paa yote. Alikuwa analala na batoto chini ya bâche, turubai tu, na mvua ilikuwa karibu kuanza.

Ile siku, mbele ya kucheza, nilipika bukari, ugali yetu, na kuku ya batu bote, juu bamama bengine balisema beko bagonjwa. Bagonjwa! Kisha nilibaona banacheza ku mulango.

Tunafika ku finale, muchezo ya mwisho, miye navuta miguu. Naangalia nani tutacheza naye. Eh, mukwe wangu! Bwana ya binti yangu, wa Ruashi. Sasa kwetu, kama mama mukwe hayamupikia mukwe na kumupatia chakula na mukono yake, ni kusema hayamuingiza mu nyumba. Mukwe hawezi kumuangalia mu macho, hawezi kula kwake. Na miye ile kazi nilikuwa naiachaka tu. Kila mwaka nasema: nitapumuzika kwanza, kisha nitamuingiza.

Basi anaikala na mugongo pembeni, anaangalia ukuta. Naweka karata kidogo, ya bure kabisa. Mukwe eko na atout mu mukono, ile karata inaua zingine zote. Hakati. Naweka ingine. Hakati.

Batu banaanza: “Ile haiko karata, ile ni heshima!”

“Kata, bwana! Hatakunyanganya bibi!”

Mwenzake wa kucheza anapiga mesa: “Weye, unaniua!”

Jirani yangu ananong’ona: “Nyamaza, tuko nashinda.”

Lakini président wa cercle, muzee wa chemin de fer, wa reli, anasimama: “Mama, kama hakati, tunafuta finale. Tôles zitangoya mwaka ingine.”

Mwaka ingine! Na mvua? Niliwaza ile bâche tu.

Nikasimama, magoti inalia kwa! kwa! Nikaenda ku nyungu. Nilikuwa nafichia miye mwenyewe paja moya, muzuri. Nikaitosha, na bukari, nikaiweka mbele yake na mikono yangu yote mbili.

“Mwanangu, kula. Leo nakuingiza. Kisha kata.”

Akakula, jasho inatoka. Kisha akaniangalia mu macho, mara ya kwanza. Na akakata! Alinikata sawa muwa. Kila karata: “Aksanti, mama.” Paf! “Aksanti, mama.” Paf!

Tukashindwa. Jirani yangu akanigeuzia mugongo.

Président akauliza: “Tôles ziende wapi?”

Mwenzake wa mukwe: “Ruashi, kwa kaka yangu!”

Mukwe akapanguza vidole. “Hapana. Nilikula kuku ya mama, sikumurudishia kitu. Mama aseme yeye.”

“Na miye?” mwenzake akalalamika. “Miye sikukula paja!”

“Mumupatie shingo,” nikasema. Batu bakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, akakamata ile shingo. Nikasema: Kasungami. Mvua ya kwanza ilikuta mujane iko chini ya tôles.

Lakini sasa mukwe aliingia, na hatoki tena. Kila siku ya Mungu anakuya kwangu, anaikala pa kiti ya muzuri, anazungumuza, anazungumuza. “Mama, paja iko?”

Iko. Ni miye njo niko nabakia na shingo. Musikie, anapiga hodi. Wacha niende nipike.