Misa ya Shukrani kwa Ioni Moja

Binti yetu, anayefanya utafiti wa fizikia Ulaya, alitupigia simu kwa furaha: "Papa, tumeona ioni moja!" Mke wangu hakungoja maelezo. Kabla ya Jumapili shirika letu lote la kanisa mtaani lilijua kwamba mtoto wa Bukavu amegundua kilichowashinda Wazungu. Misa ya shukrani ikaombwa, vikwembe vya kitenge vya sare vikashonwa, hata cha shangazi wa kule Walungu, ambaye alidhani ioni ni ugonjwa.

Namshukuru Mungu kwa kunipa mke mwenye imani. Ila imani yake hutangulia habari.

Binti alipokuja likizo akazikuta sare, aliketi kwanza. Kisha akatueleza. Yeye na wenzake wanajaza gesi ya zenoni katika tangi na kungoja kiini cha atomu moja kioze kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuishuhudia. Kikioza hivyo, kitaacha ioni moja tu ya bariamu katika gesi yote ile. Basi wametafuta njia ya kuifanya ioni hiyo iwake, waione hata ikiwa peke yake.

"Na mukaiona," akasema mama yake.

"Ile tuliiweka sisi wenyewe, maman. Tulikuwa tunajaribu kama chombo chetu kinaona."

"Mulificha kitu, mukakipata, ukatupigia simu?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nafanyaka hivyo na funguo. Sipigiaka mutu simu."

Kisha mama yake akalia. Akamsihi binti aseme kanisani kwamba wameona, basi, asimwaibishe mbele ya wanawake wenzake.

Jumapili ya misa hiyo, mwongozaji wa nyimbo akampa binti mikrofoni. "Dada, shuhudia! Mumeona nini?"

"Tumejifunza kuona. Tunachokitafuta hatujakiona."

"Lakini mutakiona, kwa jina la Yesu!"

"Sijui, ndugu. Pengine hakiko."

Mwongozaji yule, ambaye hutangaza wagonjwa wamepona kabla hawajainuka, alikosa pa kuiweka haleluya yake. Mimi nimesikiliza shuhuda tangu ujana wangu, kwa uvumilivu. Huo ndio wa kwanza niliouamini mpaka mwisho.

Nje, wanawake wakamzunguka mke wangu. Mmoja akacheka: "Maman, sare zote hizi ni za nini? Mutoto hajaona kitu!"

Mke wangu akakaza kikwembe chake.

"Wangu hajaona, na amesema hajaona. Wewe juma lililopita ulimuona malaika kwenye soko. Alinunua nini?"