Mkate Uliolala

Kama kuna mtu Mwanza nzima mwenye kichwa kigumu kuliko Mzee Mayala, mimi sijamwona. Nimeshamwambia hivyo usoni, naye akanijibu, "Mwenye kichwa laini angeshasahau kulisha chachu."

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko kwenye baraza ya duka la Sheetal, karibu na soko kuu, kwa hiyo hakuna kinachoingia dukani humo bila kupita mbele ya pua yangu. Mzee Mayala huja kila Jumamosi asubuhi na kikapu cha mikate, pamoja na jibini kubwa ya mviringo iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mwokaji wa masista kule Sengerema. Masista walipozeeka na kurudi kwao, jiko likafungwa, naye akavuka na kivuko akiwa amepakata ndoo ndogo ya plastiki. Abiria walidhani kabeba asali. Ilikuwa chachu.

Simaanishi hamira ya pakiti. Chachu hii ni unga na maji tu, lakini iko hai, na ili isife lazima ilishwe unga kila siku. Sista aliyemwachia aliikuta jikoni mle alipofika akiwa msichana, na siku anaondoka alikuwa na miaka themanini. Alimwomba Mzee Mayala jambo moja: isifie mikononi mwake.

Tatizo ni kwamba mikate ilikuwa hainunuliwi. Mwezi mzima watu waliigonga ganda kwa kucha, wakairudisha kwenye rafu, wakachukua slesi za kiwandani. Na kosa halikuwa la mkate. Kosa lilikuwa kwenye karatasi aliyoibandika juu yake, kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni: MKATE UMELALA SIKU MBILI. JIBINI IMELALA MIEZI SITA.

"Shikamoo mzee," nilimwambia Jumamosi ile. "Hiyo karatasi inakumaliza."

"Marahaba. Ina uongo gani?"

"Haina uongo. Lakini mkate uliolala si ni wa juzi? Ni kiporo! Nani anatoa hela yake anunue kiporo?"

"Donge langu linalala siku mbili kabla ya kuingia kwenye tanuri. Unataka niandike limekesha?"

Sheetal alicheka. Mkate ule yeye huula kila siku na chai. Jibini haigusi, maana hugandishwa kwa dawa inayotoka kwenye tumbo la ndama, na nyumbani kwao hawali vitu vya namna hiyo. Ila alikuwa amemvumilia mzee wa watu kadiri alivyoweza.

"Mzee Mayala," alisema taratibu, "mikate ya rafu hii isipokwisha mpaka saa saba mchana, naweka ya kiwandani. Nimejaribu, baba."

Mzee aliendelea kupanga mikate yake. "Basi na chachu nayo mwisho wake leo," alisema. "Unga wa kulisha kitu kisicho na kazi sina."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye na karatasi yake, na nikajikasirikia mimi pia, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa namcheka na sijawahi kuonja hata kipande.

Saa nne ikapita, saa tano ikaingia. Mikate iko vilevile. Ndipo akaja mteja wangu Kashindye, mama wa makamo kutoka Magu, familia ya wafugaji, amefuata gauni lake. Alikuwa amekaa akinisubiri nimalize pindo, mara akainua pua.

"Nani anafukiza vibuyu hapa?"

Sisi tuliokulia kwenye maziwa tunaijua harufu hiyo. Kibuyu cha maziwa husafishwa kwa moshi wa vijinga, mpaka maziwa yenyewe yanukie moshi. Mzee Mayala huiweka jibini yake kwenye pango dogo la baridi chini ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yake, kule mlimani Mabatini, na kila wiki huifukiza kama mama yake alivyofukiza vibuyu. Hilo masista hawakumfundisha.

Kashindye aliufuata moshi mpaka ndani, nami nyuma yake. Akasoma karatasi kwa sauti, neno moja moja, kisha akamgeukia mzee.

"Maziwa yamelala miezi sita?"

"Ndiyo."

"Ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wa Kisesa."

"Na hayajaharibika?"

"Onja, mama."

Mzee alikata mkate kwanza. Ganda lililia chini ya kisu, na ndani kukawa na matundu yanayong'aa. Akaweka kipande cha jibini juu yake, akampa Kashindye. Kingine akanipa mimi.

Kusema kweli, niliogopa. Mkate ulikuwa na uchachu kidogo, kama togwa ya siku ya pili. Jibini ilianza na chumvi, ukafuata moshi, na nilipodhani imekwisha kikaja kitu ambacho sikuwa nimekionja tangu bibi yangu afariki: maziwa ya msimu wa mvua, ng'ombe wakiwa wameshiba majani mabichi. Miezi sita ya kiangazi, na mvua ilikuwa bado imo humo ndani. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kashindye alipiga goti. Palepale kwenye sakafu ya duka, mbele ya muuza mkate, kama tunavyowaamkia wakubwa nyumbani.

"Kwa mama yangu," alisema, "maziwa yakilala siku nne tunajisifu."

Watu wakiona mama mzima amepiga goti dukani hawapiti. "Kuna nini?" "Kuna maziwa yamelala miezi sita!" Karatasi ileile iliyowafukuza sasa ikawa inawavuta, kila mtu alitaka kuionja hiyo miezi. Saa saba haijafika, rafu ilikuwa tupu, na Sheetal anaokota makombo ya ganda kwa kidole na kuyala.

Mzee alikaa chini. Kutoka chini ya kikapu alitoa ile ndoo ya plastiki; kumbe alikuwa ameibeba tangu asubuhi aende akaimwage chachu ziwani. Akafunua, akachota kidogo, akaitia kwenye chupa yangu ya vifungo baada ya kuvimwaga vifungo vyote mezani bila hata kuniuliza.

"Mtu mmoja hatoshi," alisema. "Ilishe kila jioni."

"Mzee, mimi ni fundi cherehani!"

"Una kichwa kigumu. Unafaa."

Jioni niliilisha, nikaifunika kwa kisahani. Asubuhi nilikuta imekisukuma kisahani pembeni, imefura, inachemka mapovu madogomadogo kwenye meza yangu ya jikoni. Ilikuwa imeamka. Niliikumbuka safari yake yote, na masista walioilisha kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo," nikaiambia.