Pole ya Bosi Kwenye Uwanja wa Barafu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi niliteleza kwenye barafu, Chang'ombe, nikavunjika mkono wa kushoto. Daktari aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nimesafiri.

Mimi ni karani wa mzani katika kiwanda cha barafu ya samaki. Mabonge yakiburutwa kwenda kwenye malori, vipande hubaki nje kwenye zege, na jua likichomoza huanza kutoa maji. Nilikuwa nimejisomea, katika kitabu cha fizikia cha mtumba, kwamba barafu iliyolowa inateleza kuliko kavu. Nilikuwa nalitafakari jambo hilo nilipoikanyaga.

Matibabu niliyalipia kwa pesa ya ada ya binti yangu. Nikarudi kazini na plasta, nikingoja bosi anipe pole. Kwetu pole ndiyo mlango. Ikishatoka, habari ya gharama hufuata yenyewe. Lakini dereva wake alitunong'oneza kwamba mkwe wa bosi, aliyesomea ng'ambo, amemwonya: kumpa pole aliyeumia kazini ni kukiri kosa.

"Nimesikia ulianguka," bosi alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Haya. Zege gumu lile." Akaondoka.

"Hata mbuzi wa machinjioni Vingunguti anasomewa bismillahi," mpakiaji mmoja akaniambia. "Wewe hata pole, braza?"

Wiki iliyofuata bosi alikuja alfajiri kukagua malori, amevaa ndara. Akakanyaga kipande, miguu ikatangulia, mwili ukabaki. Wapakiaji wakasimama kimya. Mmoja akawa anaangalia mawingu.

"Nyie vipi, hamnioni?"

"Tunakuona, bosi."

"Sasa mbona kimya?"

"Tunaogopa kukiri kosa, bosi."

Akabaki chali, akitazama plasta yangu. Shati lake lilikuwa linalowa, nami sikulelewa hivyo.

"Pole, bosi," nikasema.

"Nimeshapoa," akajibu kutoka palepale chini. Kisha, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni: "Na wewe pole."

"Jamani, tumesikia wote," akasema mpakiaji yule, ndipo wakamwinua.

Sasa kila alfajiri tunamwaga kwenye zege lile maranda ya mbao, tunayoyachukua kwa maseremala wa Keko. Na asubuhi ileile aliyoanguka, bosi, akijishika kiuno, aliniuliza hospitali nilitumia kiasi gani. Nikamwambia: elfu tisini na mbili na mia tano. Akanipa laki moja. Nikamrudishia elfu saba na mia tano.