Ng'ombe wa Mahari ya Mdogo Wangu

Kwetu Tarime ng'ombe wa mahari ya binti hawaliwi ovyo. Wanakaa zizini wakimsubiri kaka yake aoe. Kaka mwenyewe ni mimi, ila nilikuwa nimeshaoa kwa mkopo wa mshahara kama walimu wengi, kwa hiyo ng'ombe wa mdogo wangu walibaki kwa mama pale Nyakunguru, wakinenepa na kumkosesha usingizi kwa hofu ya wezi wa mifugo.

Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari huko Issenye, na nilikuwa nimegundua vipande. Unanunua sehemu ndogondogo za mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unaziacha, thamani inapanda taratibu miaka na miaka. Nilijiona mjanja kuliko ukoo mzima. Wenzangu ofisini walinichoka. Mmoja alisema nimeacha kufundisha hesabu, sasa nahubiri.

Likizo moja nilimkalisha mama chini. Nikamwambia ng'ombe hufa, huibwa, hukonda kiangazi, lakini kipande hakiugui. Akauliza kama kipande kinazaa. Nikasema kinazaa, tena kimya kimya. Alicheka, akakubali kwa sharti moja, kwamba hela ni ya sisi sote na siku ya shida itatoka. Nikaahidi. Ng'ombe wakauzwa mnadani, vipande vikaandikwa kwa jina langu, nami nikampangia kila mtu fungu lake: uzee wa mama, shule ya watoto wa mdogo wangu, chuo cha binti yangu. Miaka ishirini, nilisema, hakuna kugusa.

Mwaka wa pili mdogo wangu alinifuata shuleni kwa bodaboda kutoka Mugumu, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Duara, yaani shimo lake la dhahabu, likitoa, alikunywa, lisipotoa, alipiga. Mdogo wangu alikuwa amewaeleza wakwe kwamba amechoka, na baba mdogo wa mumewe akamjibu kwa kifupi.

"Amesema ng'ombe zao zikirudi, na mimi narudi kwetu. Zisiporudi nikae na mume wangu. Kaka, naomba uuze hivyo vipande, tuwanunulie ng'ombe zao tuwape."

Nilimpa chai. Nikatazama simu. Vipande vilikuwa vimepanda vizuri, na kuviuza kungeua mpango wote. Mfuko ule haufungi mtu. Unajaza fomu ya kuuza, na baada ya siku chache hela inakufikia. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

"Hela zimefungwa," nikamwambia. "Mkataba ni wa miaka ishirini. Vumilia kidogo, subira huvuta heri."

Hakubisha, maana mimi ndiye niliyesoma. Aliuliza tu kama hakuna mkubwa yeyote wa kuombwa. Nikasema hakuna. Mama naye nilimpa jibu lilelile.

Watu wakinisikiliza humlaumu mumewe, nami huwaacha wamlaumu. Ukweli ni kwamba siku ile nilipenda kuona namba inapanda kuliko nilivyompenda mdogo wangu, na wala sikuona aibu. Nilijiita mtu mwenye nidhamu.

Alikaa kwa mumewe miaka minne zaidi. Katika miaka hiyo alivunjwa mkono wa kushoto, akacheleweshwa kupelekwa hospitali, na mpaka leo mkono huo hauinui ndoo. Nilikwenda kumwona na kilo mbili za sukari. Aliyemtoa pale si mimi hata kidogo. Mumewe alifuata dhahabu mkoa mwingine asirudi, wakwe wakachoka kumlisha mdogo wangu, naye akarudi kwa mama bila mtu kudai ng'ombe.

Hapo ndipo nikaanza kuwa kaka mwema. Nilimfundisha kuweka akiba. Alilima mahindi, akawauzia wachimbaji mboga, na kila mwezi alinunua vipande vyake kidogo kidogo kwa simu. Hakuruka mwezi hata mmoja. Nidhamu yake ilikuwa ya jasho lake; yangu ilikuwa ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Mwaka jana mwanawe wa kwanza alichaguliwa kwenda kidato cha tano, mkoa wa mbali. Akaniomba nimsaidie kuuza vipande vichache, apate nauli na godoro.

"Acha, nitalipa mimi," nikasema.

"Hapana. Hela hii niliiwekea shule. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Tulijaza fomu Jumatatu. Ijumaa tulikuwa uani kwa mama, sote watatu tunapukuchua mahindi, ujumbe ukaingia kwenye simu yake kwamba hela imefika. Aliusoma, akatabasamu, akausoma tena. Halafu tabasamu likaondoka.

"Siku nne tu?"

"Ndiyo."

"Na zile za ng'ombe zangu, kaka? Nazo zingetoka hivi?"

Mama aliacha kupukuchua. Ningeweza kusema sheria zilibadilika, na nilijua angeniamini tena. Hilo ndilo lililonishinda.

"Zingetoka," nikasema.

Mdogo wangu hakulia wala hakunitukana, na nilitamani sana anitukane. Mama aliinuka, akaingia ndani. Mdogo wangu alichukua hindi jingine, akaendelea na kazi kwa mkono wa kulia.

Vipande vile bado ninavyo, na vimepanda kuliko nilivyopiga hesabu. Jioni ileile nilimwambia vyote ni vyake, kwamba nitaviuza kesho yake asubuhi na hela yote itakuwa mkononi mwake kabla ya wiki kwisha.

"Viache tu, mwalimu," akasema. "Mimi sasa sina haraka."